Rangi na Nakshi za Vyombo vya Wafalme wa China: Uzuri na Israfu

 

Ndugu msomaji, mwezi wa Aprili mwaka 2014 kijikombe kimoja cha Kichina, ambacho upana wa mdomo wake ni kama sentimita 8 tu, kiliuzwa mnadani Hong Kong kwa dola za huko milioni 281 na ziada, yaani kama dola milioni 36 za Kimarekani. Aliyekinunua, tajiri wa Shanghai aitwaye Liu Yiqian, alikitilia chai akanywa, na picha yake ikaenea duniani. Wako waliocheka, wako waliosema ni wazimu, na wako waliouliza ni masikini wangapi wangalilishwa kwa fedha zile. Suala hili la mwisho ni la haki nami sina la kulipinga. Lakini katika makelele yale ni wachache waliouliza suala la kwanza: je, kikombe chenyewe ni kizuri? Na kama ni kizuri, uzuri wake uko wapi?

Leo nataka tuvitazame vyombo hivi vya kauri vilivyofanyiwa wafalme wa China, tuzihukumu nakshi zake na rangi zake kama tunavyolihukumu shairi: wapi mizani imetimia na wapi mtungaji amejaza maneno kwa kuwa alikuwa nayo mengi. Wala usiseme jambo hili halituhusu. Watu wa pwani hii walikula katika vyombo vya Kichina kwa karne nyingi, wakavipanga katika zidaka za nyumba zao za Lamu na Pate, wakavitia hata katika makaburi yao. Na Muislamu alikuwa na sababu yake ya kuvipenda. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametukataza kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha. Kauri ni udongo. Sultani aliweza kuwaandalia wageni wake chombo chenye fahari na asiingie katika makatazo. Shah Abbas wa Uajemi aliyaweka wakfu mapande 1,162 ya kauri ya Kichina katika ziara ya Ardabil mwaka 1611, na kasri la Topkapi mjini Istanbul lina zaidi ya 10,000.

Kwanza tuijue kazi, maana asiyeijua kazi hawezi kumhukumu fundi. Vyombo vya kifalme vilifanywa Jingdezhen, katika jimbo la Jiangxi. Udongo mweupe huchanganywa na unga wa jiwe, chombo kikafinyangwa, kikapakwa mpako wa kioo, kisha kikatiwa katika tanuri lenye moto wa digrii 1,300 au karibu yake. Katika moto huo ni rangi chache mno zinazosalimika, na iliyo mashuhuri ni buluu ya kobalti, nayo huchorwa juu ya udongo kabla ya mpako. Udongo ule hunywa wino kama nguo kavu inywavyo maji. Brashi ikiteleza, hapana kufuta. Rangi nyingine, kama nyekundu, kijani, manjano na waridi, ni enameli, yaani unga wa kioo uliotiwa rangi. Hizi hupakwa baadaye, juu ya chombo ambacho kimekwisha kupikwa na kung'aa, kisha chombo hurejeshwa motoni mara ya pili katika moto mpole wa digrii 700 au 800. Kwa hiyo chombo chenye rangi nyingi kimepita hatari mara mbili, na wakati mwingine mara tatu.

Tazama pia rangi hizo zilikotoka. Kobalti nzuri ya zamani ilikwenda China kutoka Uajemi, na Wachina wenyewe walikuwa na buluu waliyoiita huihui qing, yaani buluu ya Waislamu. Rangi ya waridi, ambayo hupatikana kwa dhahabu iliyoyeyushwa, iliingia mwishoni mwa utawala wa Kangxi, aliyefariki mwaka 1722, kwa njia ya Wazungu waliokuwa wakitumika kasrini, na mwaka 1728 karakana za kasri zikaweza kujitengenezea rangi zao mpya. Mjukuu wake Kangxi, mfalme Qianlong, alimwandikia mfalme wa Uingereza mwaka 1793 kwamba China haina haja ya bidhaa za wageni. Na rangi zilizokuwa juu ya vyombo vya meza yake ziliitwa kwa Kichina yangcai, maana yake rangi za ng'ambo!

Sasa turudi kwenye kile kikombe cha mnadani. Ni cha wakati wa mfalme Chenghua, aliyetawala mpaka mwaka 1487. Kimezungushiwa jogoo, mtetea na vifaranga, na baina yao miamba na maua. Mtetea ameinama anadonoa mdudu, vifaranga vimemzunguka. Jogoo amegeuza shingo. Basi. Namna hii ya kazi huitwa doucai: mistari imechorwa kwa buluu chini ya mpako, kisha enameli zikajazwa juu yake, nyekundu hapa, kijani pale, manjano kidogo. Fundi alikuwa na rangi zote mezani, na mteja wake alikuwa mfalme ambaye hakuna aliyemhesabia gharama. Juu ya hayo sehemu kubwa ya kikombe imeachwa nyeupe. Weupe ule ni ardhi wanayoitembea kuku wale na hewa wanayoivuta, na ungalijazwa majani kuku wangalikufa. Kwa rai yangu, katika vyombo vyote vya enameli vya China sikuona kinachokipita hiki, na thamani aliyoilipa tajiri yule haikukiongezea kitu wala kukipunguzia.

Najua msomaji mmoja atainua mkono: "Sheikh, na hizi picha za vyenye roho?" Wanazuoni wamelizungumza sana jambo hili, na wengi wao wamepambanua baina ya picha inayotundikwa ikatukuzwa na ile iliyo katika kitu cha kutumiwa na kukanyagwa. Mimi hapa naihukumu kazi ya mkono wa fundi. Hukumu ya kukiweka chombo cha namna hiyo nyumbani mwako, mwulize mwalimu wako.

Nakshi za Kichina, ndugu zangu, hazikuwa mapambo matupu. Zilisema, kama leso zetu zisemavyo, ila leso husema kwa maandishi na vyombo hivi husema kwa majina. Kwetu popo hana sifa njema, lakini kwa Kichina jina la popo na neno la baraka hutamkwa sawa, fu, na kwa hiyo popo watano ni baraka tano: umri mrefu, mali, afya, kupenda wema na mwisho mwema. Pichi ni maisha marefu, na komamanga, kwa wingi wa mbegu zake, ni dua ya watoto. Haya ni mambo ya kupendeza na moyo wa mwanadamu huyafahamu popote.

Lakini iko nakshi nyingine iliyokuwa na kazi isiyokuwa dua, nayo ni joka. Joka la kucha tano lilikuwa alama ya mfalme. Katika kasri la nasaba ya Qing, sahani aliyolia mke ilitegemea daraja yake: malkia alipewa rangi ya manjano ndani na nje, wa chini yake manjano nje na nyeupe ndani, wengine chini yao mandhari ya manjano yenye majoka ya kijani, kisha buluu yenye majoka ya manjano, na kuendelea kushuka. Hebu fikiri kuishi nyumba ambayo kila ukila wali, bakuli lakukumbusha ni wanawake wangapi walio juu yako. Nami naona kwamba kazi hizi za majoka ndizo zilizo dhaifu kuliko zote kwa uchoraji. Joka lilelile, mawingu yaleyale, miaka mia baada ya miaka mia. Fundi aliyeamrishwa asiongeze wala asipunguze ukucha mmoja atapata wapi pumzi?

Wakati wa mfalme Zhengde, aliyetawala toka 1505 mpaka 1521, vilitokea vyombo vya ajabu. Ni vyeupe vyenye buluu, na ndani ya duara na miraba yake mmeandikwa Kiarabu na Kiajemi. Wataalamu wengi wanaona kuwa viliagizwa kwa sababu ya matowashi Waislamu waliokuwa na nguvu kasrini. Vingi ni vyombo vya mezani mwa mwandishi: visanduku, vyetezo, viegemeo vya brashi. Katika mkusanyo wa Percival David, uliomo katika Makumbusho ya Uingereza mjini London, mna kiegemeo cha brashi chenye umbo la milima mitano, na juu yake pameandikwa kwa Kiajemi maneno yenye maana ya mahali pa kalamu.

Msomaji Muislamu huviona vyombo hivi akaanza kusifu kabla ya kutazama. Mimi nimefundisha hati miaka mingi, na nasema hivi: hati yake si nzuri. Kalamu yetu ya mwanzi hukatwa ncha kwa mshazari, na uzuri wa herufi huja kwa kupishana kwa wembamba na unene. Brashi ya Kichina ina njia nyingine, na aliyeishika hapa yaelekea alikuwa akinakili umbo asilolisoma. Herufi zimevimba mahali pasipohitaji, zimefungana pengine pasipofaa, na pengine huna budi kukisia neno. Kisha angalia mizabibu inayozunguka maandishi. Pale mkono umerudi kwao, unakwenda bila hofu. Kwa hiyo chombo kimoja kina mikono miwili, mmoja ulioamrishwa na mmoja ulio huru. Ama zile ambazo zimeandikwa aya za Qur'ani, mimi siwaonei raha. Aya juu ya ubao wa kupamba meza ina heshima yake. Aya juu ya chombo kitakachoshikwa na kila mkono, uliotawadha na usiotawadha, hapo aliyeagiza alipenda kuonekana Muislamu kuliko kuichunga aya. Kiegemeo cha kalamu ndicho ninachokipenda, kwa kuwa kimeandikwa jina la kazi yake na hakikudai zaidi.

Sitaki nivisifu vyombo hivi nikasahau walioviunguzia maisha yao. Padri Mfaransa, François Xavier d'Entrecolles, aliyekaa Jingdezhen, aliandika mwaka 1712 kuwa chombo kimoja husemwa kinapita katika mikono ya watu 70: mmoja kazi yake ni mstari wa ukingoni tu, mwingine huchora ua, na mwingine hulitia rangi. Jina la hata mmoja halimo. Chini ya chombo limo jina la mfalme. Na Wachina husimulia kisa cha mfinyanzi aliyeitwa Tong Bin. Mwaka 1599 towashi mmoja wa mfalme Wanli alishikilia yapatikane majagi makubwa ya majoka, nayo yalikuwa yakipasuka tanurini kila mara, na mafundi wakipigwa kila mara. Husimuliwa kwamba Tong Bin alijitupa ndani ya moto. Mafundi wakaasi, na baadaye wakamjengea hekalu. Hilo la hekalu si katika dini yetu, lakini dhuluma iliyowafikisha hapo tunaifahamu.

Ndiyo maana moyo wangu humwelekea mtu mmoja katika historia hii, Tang Ying. Alipelekwa Jingdezhen mwaka 1728, wakati wa mfalme Yongzheng, kusimamia kazi. Hakuwa fundi, alikuwa mtu wa kasri asiyejua udongo. Kwa maneno yake mwenyewe, aliacha matembezi na mazungumzo ya wakubwa muda wa miaka mitatu, akala na kulala pamoja na mafundi mpaka akaijua kazi. Mwaka 1743 aliandika maelezo ya picha 20 zinazoonyesha kazi yote tangu kuchimba jiwe mpaka kufunga mizigo. Na ni katika miaka yake hiyo ya kwanza, chini ya Yongzheng, ndipo enameli za China zilipofika kileleni.

Chukua nakshi ya mapichi ya Yongzheng. Tawi huanzia chini ya sahani kwa upande wa nje, likapanda, likavuka ukingo, likaingia ndani na kuchanua, kana kwamba mti umeota nyuma ya ukuta na tawi limechungulia uani. Mapichi ni manane. Fundi kwanza alitandika enameli nyeupe isiyopitisha mwanga, kisha juu yake akagusa waridi na kuififisha kwa brashi yenye maji, mpaka shavu la tunda likawa jekundu na kiuno chake cheupe na kitako kikaelekea kijani. Popo wamo, watano, wadogo. Na nusu ya sahani haina kitu. Mtungi mmoja wa namna hiyo, wenye mapichi na popo, ulikaa miaka Marekani katika nyumba ya watu ukiwa umefanywa kitako cha taa, mpaka ulipotambuliwa na kuuzwa Hong Kong mwaka 2002 kwa dola za huko milioni 41 na nusu. Sasa umo katika makumbusho ya Shanghai. Wenyewe waliuona kila usiku kwa mwanga wa taa yao wasijue ni nini, na pengine waliufurahia kuliko yule atakayeuona nyuma ya kioo.

Yongzheng akafa mwaka 1735, akashika mwanawe Qianlong, akatawala miaka 60. Mapichi yakawa tisa. Waweza kusema pichi moja si kitu, lakini mimi naliona kama dalili, maana lililofuata lilikuwa ni kuongeza tu. Ikaja nakshi ya maua elfu, ambayo chombo kizima hujazwa maua, peoni na krisanthemu na yungiyungi, hata pasibaki pa kuweka ncha ya sindano. Ikaja mitungi yenye matundu, na mtungi wa pili ndani yake unaozunguka. Na ukaja ule mtungi mkubwa uliomo katika makumbusho ya Kasri la Beijing, urefu wake sentimita 86.4, ambao una si chini ya aina 15 za mipako na rangi, umepangwa mkanda juu ya mkanda tangu mdomo hadi mguu: buluu ya chini, enameli, dhahabu, mipako ya kuigiza vyombo vya kale, na tumboni madirisha 12 yenye picha. Kila rangi ina moto wake, na kuzikutanisha bila kuharibu moja ni ujuzi ambao akili hushangaa. Nami nimeshangaa.

Lakini kushangaa si kupendezwa. Mtungi ule ni kama msomi aliyepanda mimbari akazitaja fani zote alizosoma, nahau na sarufi na mantiki na falaki, na waumini wakateremka wasijue hutuba ilihusu nini. Kila mkanda peke yake ni mzuri. Vyote pamoja vinagombana. Hao ni mafundi walewale, na msimamizi ni yuleyule Tang Ying. Mkono haukupungua, ila aliyekuwa akiagiza hakujua neno basi. Kumbukumbu zaonyesha kuwa Qianlong alimkemea Tang Ying mwaka 1741 kwa vyombo asivyoviridhia, na akamlipisha hasara. Mwenyezi Mungu ametwambia tujipambe, tule na tunywe, wala tusifanye israfu. Watu hudhani israfu ni ya fedha tu. Iko israfu ya ustadi, mtu akautumia ujuzi wote alionao kwa kuwa anao.

Nisimdhulumu Qianlong. Katika miaka yake ya mwanzo viko vibakuli ambavyo waweza kuviweka kando ya vya baba yake, na usione tofauti ila katika jina lililoandikwa chini. Haki yake apewe.

Limebaki la nyumbani kwetu. Wako jamaa wenye sahani kongwe waliyoachiwa na bibi zao, na hudai ni ya mfalme wa China kwa kuwa chini yake mna herufi za Kichina. Dada yangu, herufi zile si ushahidi. Mafundi walikuwa wakiandika majina ya wafalme waliokufa zamani, ama kwa kuwaheshimu ama kwa kuuza. Mwaka 1677 mkuu wa Jingdezhen hata alikataza kuandika jina la mfalme aliyekuwa hai. Vyombo vilivyofika pwani yetu kwa majahazi vilikuwa vya biashara, vingi vya buluu na nyeupe, vilivyochorwa upesi kwa mistari michache. Na kwa ajili hiyo baadhi yake vina wepesi ambao mtungi mkubwa wa Qianlong hauna. Wazee wetu walivichagua wakavitia chokaani, katika mihrabu ya msikiti mkuu wa Gedi, katika nguzo za makaburi ya Mambrui na Kunduchi, bakuli moja hapa na jingine pale, na ukuta mweupe baina yao.

Vingi sasa havipo. Watu waliosikia habari za minada wamevingoa kwa patasi wakidhani wamepata mali ya wafalme. Bakuli la biashara lililong'olewa ukutani na ukingo wake umemeguka halina bei ya maana huko Hong Kong. Kaburini limebaki tundu la duara, na mahali pengine kitako cha bakuli kingali kimeshikwa na chokaa, na ndani yake ua moja la buluu.